Tarehe Zinapogongana: Kutafuta Kosa Kwenye Kumbukumbu za Ukoo

Babu yangu mzaa baba ana miaka mitatu ya kuzaliwa. Msalaba wa kaburi lake, kijijini kwetu Iringa, umeandikwa 1895. Kadi ya kazi aliyoiacha kwenye sanduku la bati inasema 1 Januari 1902. Kitabu cha ubatizo cha parokia kina mstari mmoja wa Kilatini: alibatizwa 1921, annorum circiter 13, yaani akiwa na miaka kama 13. Ukitoa, unapata 1908. Baba zangu wadogo wamebishana juu ya jambo hili kwenye kila kikao cha ukoo ninachokikumbuka.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba tulikuwa tunaanza mahali pabaya. Tuliuliza "ipi ya kweli?" kabla ya kuuliza "hii iliandikwa na nani, lini, na alikuwa anataka nini?" Kila tarehe iliyo kwenye karatasi, jiwe au ubao iliwekwa na mkono wa mtu, na mtu huyo alikuwa na sababu yake. Ukimfahamu, mara nyingi kosa linajitokeza lenyewe. Hapa nimepanga matatizo kwa dalili, jinsi fundi anavyosikiliza injini kabla ya kufungua boneti. Tafuta dalili inayofanana na yako.

Kabla ya lolote, chukua daftari. Kwa kila tarehe uliyonayo andika mambo manne: tukio linalosemwa, siku ambayo maandishi yenyewe yalifanywa, nani aliyetoa habari, na karatasi ilitengenezwa kwa kazi gani. Cheti cha kuzaliwa, kwa mfano, kina tarehe mbili: ya kuzaliwa na ya kusajiliwa. Wengi husoma ya kwanza wakaishia hapo. Kama mtu "alizaliwa 1938" na kusajiliwa 1991, basi ulichoshika mkononi ni karatasi ya 1991, iliyojazwa kwa kiapo au kwa kumbukumbu ya mtu mzima. Hiyo haina uzito sawa na cheti kilichosajiliwa wiki tatu baada ya mtoto kuzaliwa.

Dalili: tarehe ni 1 Januari, au 1 Julai, au mwaka mtupu

Chanzo karibu kila mara ni kimoja: aliyeulizwa hakujua siku, na fomu haikukubali nafasi wazi. Karani akaweka mwanzo wa mwaka au katikati yake. Siku hizi programu za kompyuta hufanya hivyohivyo zikipewa mwaka peke yake. Familia za Wakongo na Warundi waliopitia kambi za wakimbizi hadi Marekani wanalijua hili vizuri. Unakuta baba, mama na watoto wanne wote wana 1 Januari, kila mmoja na mwaka wake.

La kufanya: futa siku na mwezi kwenye daftari lako, bakiza mwaka, na mwaka wenyewe uuwekee "takriban". Kisha tazama kama umeishia na 0 au 5. Miaka kama 1930, 1935 na 1940 huwa mingi mno kwenye karatasi za wazee, kwa sababu mtu akikadiria hutaja namba ya duara.

Dalili: umri unapanda na kushuka kutoka karatasi moja hadi nyingine

Hapa usitafute uzembe. Tafuta faida. Uliza: siku ile, kuwa mkubwa kulimsaidia nini huyu mtu, na kuwa mdogo kulimsaidia nini?

Kwenye kodi ya kichwa, kuwa mdogo kulisaidia. Kwenye kazi ya manamba, kuwa mkubwa kulisaidia, maana ujira wa mtu mzima ulikuwa tofauti na wa kijana. Kenya, kipande, yaani kitambulisho cha kazi, kilichoanza kutumika kwa nguvu baada ya Vita vya Kwanza kiliwahusu wanaume wa miaka 16 na kuendelea, na miaka hiyo 16 ilipimwa kwa macho ya mwandikishaji. Shuleni kulikuwa na kipimo ambacho wengi wetu tumepitishwa: unapeleka mkono wa kulia juu ya kichwa ushike sikio la kushoto. Ukilifikia, unaandikwa darasa la kwanza. Mtoto mwenye mikono mirefu aliingia na miaka 6, mwenye mikono mifupi akangoja hadi 8 au 9. Lakini kwenye rejesta wote wakaandikwa miaka 7.

Halafu kuna jambo ambalo familia nyingi za Tanzania hulitaja kwa sauti ya chini: kurudia darasa la saba kwa jina la mtu mwingine. Kijana hakuchaguliwa kwenda sekondari, akahamia shule ya wilaya nyingine, akachukua nafasi ya aliyeacha masomo pamoja na jina lake na mwaka wake. Kuanzia hapo vyeti vyake vyote vinakubaliana, na vyote si vyake. Ukiona mtu ambaye jina la utotoni halilingani kabisa na la vyetini, na ndugu zake wanamwita kwa lile la kwanza, muulize kwa upole, faraghani. Kama hataki liandikwe, usiliandike. Ukoo ni wa watu wanaoishi pia.

Ukishajua faida ilikuwa wapi, unajua kosa limeelekea upande gani. Kadi ya kazi ya babu ilimfanya mkubwa, kwa hiyo mwaka wa kweli unapaswa kuwa baada ya 1902. Hiyo peke yake inaupunguzia nguvu mwaka 1895 wa msalabani.

Dalili: "alizaliwa wakati wa vita" au "mwaka wa njaa"

Hapa ndipo penye hazina, na ndipo watu wanapopotea zaidi. Kosa si la mzee aliyesema. Yeye alikuwa anajua ni vita gani. Kosa ni letu sisi tunaosikia "vita vya Mjerumani" na kuandika 1914 papo hapo.

Chukua Uhehe, nchi ya Wahehe huko Iringa. Vita vya Mjerumani vinaweza kuwa Lugalo, Agosti 1891, pale Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alipolivunja jeshi la Wajerumani. Vinaweza kuwa kuanguka kwa Kalenga, ngome yake, Oktoba 1894, au ile miaka ya kumsaka Mkwawa hadi alipojiua Julai 1898. Vinaweza kuwa Maji Maji ya 1905 hadi 1907, iliyowaka kwa majirani wa kusini na mashariki. Au vinaweza kuwa Vita vya Kwanza, ambapo Waingereza waliingia Iringa 1916. Kati ya Lugalo na mwisho wa Vita vya Kwanza kuna miaka 27, umri wa mtu na mwanawe. Pwani ya Pangani na Bagamoyo ongeza vita vya Bushiri vya 1888 na 1889. Na Mjerumani huyohuyo anarudi tena kwa jina la "vita vya Hitla" kuanzia 1939.

Njaa ni vilevile. Kila sehemu ilikuwa na njaa yake na jina lake. Ugogo wanaitaja Mtunya, iliyoanza 1917 na kuendelea hadi 1920, pale vita vilipokuwa vimekomba chakula na mvua ikakosekana. Wagikuyu wana Ng'aragu ya Ruraya ya 1898 hadi 1900, na wana Ng'aragu ya Mianga, njaa ya mihogo, ya 1943. Ukiandika "njaa" bila kuuliza jina lake, umetupa tarehe iliyokuwa mkononi mwako.

Kwa hiyo usiulize mwaka. Bibi wa miaka 85 ukimuuliza mwaka atakutajia wowote ili akuridhishe. Muulize mambo aliyoyaishi. Wakati huo mlikaa wapi? Jumbe alikuwa nani? Ulikuwa umechezwa unyago tayari? Mwanamume muulize: ulikuwa unachunga nini? Swali hilo nalipenda kuliko yote. Kwa wafugaji wengi mtoto wa miaka 5 au 6 hupewa ndama karibu na nyumba, wa 7 hadi 9 hupewa mbuzi, na ng'ombe hawaachwi mikononi mwake mpaka apate nguvu ya kuwageuza. Babu alizoea kusema, "Mwingereza alipoingia nilikuwa nachunga mbuzi." Hakusema Mjerumani, alisema Mwingereza. Neno hilo moja tulilisikia miaka mingi bila kulisikiliza. Mwingereza aliingia 1916, mchunga mbuzi ni wa miaka 7 hadi 9, kwa hiyo alizaliwa kati ya 1907 na 1909. Tazama tena kile kitabu cha ubatizo.

Baada ya mahojiano, pandisha majibu kwenye ngazi ya matukio unayoyajua kwa hakika. Mke wa mzee unayemhoji alipata mimba ya kwanza kabla au baada ya kichwa cha Mkwawa kurudishwa Kalenga kutoka Ujerumani, 1954? Nyumba ya bati ilijengwa kabla ya Uhuru, 9 Desemba 1961, au baada ya ile mvua kubwa ya miezi hiyohiyo? Mlihamishwa kwenye kijiji cha ujamaa mtoto gani akiwa mgongoni? Operesheni Vijiji ilifanyika kati ya 1973 na 1976, na akina mama hawasahau waliyekuwa wamembeba siku ya kuhama.

Na ukiwa na nafasi ya kumhoji mtu mmoja tu, mhoji mwanamke. Nimeona mara nyingi kwamba wanaume hukumbuka vyeo na safari, wanawake hukumbuka nani alimtangulia nani. "Huyu na mtoto wa wifi yangu walinyonya pamoja" ni ushahidi mzito kuliko kadi yenye mhuri. Mfuatano wa kuzaliwa huwa sahihi hata pale miaka yote ilipokosewa, na ukipata mtoto mmoja mwenye tarehe ya hakika unaweza kuwapanga wengine mbele na nyuma yake.

Rika nalo husaidia, kwa tahadhari. Anake a Forty wa Gikuyu ni waliotahiriwa 1940, si waliozaliwa mwaka mmoja. Ndani ya rika moja huwa na tofauti ya miaka kadhaa. Kwa Wanandi majina ya rika huzunguka: Maina, Chumo, Sawe na wenzao hurudi baada ya karibu miaka 100. Babu wa "Maina" anaweza kuwa Maina wa juzi au Maina wa karne iliyotangulia, na mti wa ukoo ukipungukiwa vizazi vitatu, hapo ndipo pa kuchungulia.

Dalili: kaburi au hati ya pwani ina mwaka kama 1325

Huo ni mwaka wa Hijria, yaani wa kalenda ya Kiislamu. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, kwa hiyo haukimbii sambamba na wa Miladia, ule wa kalenda ya ukutani, na huwezi kutoa namba moja tu kwa miaka yote. Kwa makisio ya haraka zidisha kwa 0.97, kisha ongeza 622. Kwa 1325 unapata 1907 na kitu. Makisio hayo yanaweza kukosea kwa miezi michache, na mwaka wenyewe ulianza Februari 1907 ukaisha mwanzoni mwa Februari 1908. Bila jina la mwezi, andika "1907 au 1908". Ukiwa na mwezi unaweza kufika mbali zaidi. Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Zanzibar, alifia baharini tarehe 19 Safar 1273. Mwaka huo ulianza 1 Septemba 1856, Muharram, mwezi wa kwanza, ikachukua siku 30, na ukihesabu 19 ndani ya Safar, mwezi wa pili, unatua 19 Oktoba 1856, tarehe ileile inayotajwa na vitabu vya historia. Fanya zoezi hilo mara moja kwa mkono, utaelewa programu ya kubadili tarehe inafanya nini.

Kabla ya kubadili, hakikisha umesoma namba sawasawa. Kwenye makaburi ya zamani ya Lamu, Pate au Unguja namba za Kiarabu zimechongwa kwenye chokaa au jiwe la matumbawe, na chumvi ya bahari imekula pembe zake. Aliyezoea namba za kizungu huona ٥, ambayo ni 5, akasoma 0. Huona ٦, ambayo ni 6, akasoma 7. Sifuri halisi ni nukta, ٠, na nukta ndiyo ya kwanza kufutika, kwa hiyo ١٣٠٧ inabaki ١٣ ٧ na mtu akaona 137. Tofauti ya ٢ na ٣ ni jino moja tu. Nenda asubuhi au jioni, jua likiwa chini, ili kivuli kiingie kwenye michongo. Mwaga maji safi kidogo kama mwenye kaburi ameruhusu, usisugue, na usipake chaki. Piga picha kutoka pembe tatu.

Tarehe ikishabadilishwa, linganisha siku ya juma. Hapa kuna mtego unaonikera kwa sababu ni rahisi kuukwepa. Kitabu cha familia kinasema "amefariki usiku wa Ijumaa". Mjukuu anafungua kalenda, anaona tarehe hiyo iliangukia Alhamisi, anadhani babu zake walikosea, anaisogeza mbele siku moja. Hawakukosea. Kwa hesabu ya Kiislamu na ya Waswahili wa zamani siku huanza jua likizama, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ndio usiku unaotangulia mchana wa Ijumaa. Kwa kalenda ya ukutani ni Alhamisi usiku. Tofauti ya siku moja inaweza pia kutokana na mwandamo: mji mmoja uliuona mwezi, mwingine haukuuona. Tofauti ya siku moja iache kama ilivyo na uielezee pembeni. Ikizidi siku mbili, rudi kwenye jiwe ukasome upya.

Umri nao una Hijria yake. Mzee "aliyefariki na miaka 70" kwa hesabu ya Hijria ana kama miaka 68 ya Miladia. Tofauti ya miaka miwili mitatu kwa mtu mzima wa pwani mara nyingi haihitaji maelezo mengine.

Majina ya pwani yanabeba tarehe pia: Ramadhani, Shaabani, Rajabu kwa mwezi, Khamis na Juma kwa siku, Chausiku kwa usiku. Lakini jina likiwa la kurithi kutoka kwa babu, halisemi chochote juu ya siku ya mrithi. Lichukulie kama shahidi wa pili.

Dalili: saa inapeleka tukio kwenye siku nyingine

Mama anasema mtoto alizaliwa saa tatu usiku, Jumatatu. Karani anayeandika kwa Kiingereza anajaza saa 3 ya kizungu, baada ya usiku wa manane, na kwa kuwa saa hiyo imevuka usiku wa manane anaandika tarehe ya Jumanne. Saa tatu usiku ni 21:00. Kwenye karatasi za hospitali na za polisi angalia lugha kwanza, kisha jaribu kuongeza au kutoa saa 6. Ikiwa kwa kufanya hivyo maelezo ya mama na ya karatasi yanakutana, umelipata.

Dalili: mwezi hauelewani

Mapadre walioandika Kilatini au Kifaransa walikuwa na ufupisho wao: 7bris au 7bre, 8bris, 9bris, Xbris. Macho ya leo yanaona 7 yanasoma Julai. Sivyo. September kwa Kilatini ina neno "saba" ndani yake, kwa hiyo 7bris ni Septemba, 8bris Oktoba, 9bris Novemba na Xbris Desemba. Nimeona ubatizo "uliotangulia" kuzaliwa kwa miezi miwili kwa sababu ya jambo hili tu: aliyenakili kuzaliwa alisoma neno zima la Septemba, na aliyenakili ubatizo akasoma 7.

Kwa ndugu walioko Marekani, 4/7/1952 ni Aprili 7. Kwetu ni Julai 4. Mradi siku ni 12 au chini yake huwezi kujua kwa kutazama. Tafuta karatasi nyingine iliyoandikwa mwezi kwa neno.

Dalili: tarehe inaonekana sawa, lakini kitu kingine ndani ya karatasi hakikuwepo bado

Hati ya 1958 inayosema "Tanzania" haikuandikwa 1958. Jina hilo lilianza kutumika 1964, baada ya Muungano wa 26 Aprili. Pengine ni nakala ya baadaye, na nakala si uongo, ila sasa unatafuta ya mwanzo. Simulizi ya mahari ya 1908 yenye ng'ombe 8 na shilingi 40 ina kasoro kwenye shilingi: Mjerumani alitumia rupia, na shilingi ya Afrika Mashariki ilikuja 1921. Msimulizi aligeuza pesa ziwe za kueleweka. Ng'ombe 8 huenda ni kweli kabisa.

Kinyume chake pia hutokea. Karatasi inayosema mtu alizaliwa "Kisumu, Uganda" mwaka 1899 huonekana kichekesho, na kuna watu wamezitupa. Ni sahihi. Mkoa wa Mashariki wa Uganda, pamoja na Kisumu, ulihamishiwa upande wa Kenya ya leo mwaka 1902. Wilhelmstal ni Lushoto, Neu-Langenburg ni Tukuyu, Bismarckburg ni Kasanga, Élisabethville ni Lubumbashi. Mtu aliyezaliwa Njombe 1950 hakuzaliwa "Mkoa wa Njombe", kwa kuwa mkoa huo ni wa 2012. Andika mahali kwa jina la wakati ule, na la leo pembeni.

Dalili: mtu hayumo kabisa kwenye kitabu

Huenda yumo kwa masikio ya mgeni. Mjerumani aliandika Muansa, Udjidji, Bagamojo, Dschagga. Fanya hivyohivyo kwa jina la babu yako: badili j iwe dj au dsch, y iwe j, ch iwe tsch, w iwe u. Mwandiko wao wa zamani nao hufanya e na n zifanane sana. Kwenye hati za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, p mara nyingi ni b, na u na o ni herufi moja. Majina ya ubatizo tafuta kwa Kilatini: Joannes ni Yohana, na Jacobus anaweza kuwa Yakobo wa nyumbani na James wa kazini, mtu yuleyule.

Kumbuka pia kwamba jina la tatu kwetu ni la babu, si la ukoo. Ughaibuni linageuka kuwa la familia, na kaka wawili walioandikishwa na makarani tofauti wanatokea kama watu wasiojuana.

Dalili: mama amezaa akiwa na miaka 9, au ndugu wamepishana miezi minne

Ndugu waliopishana miezi minne ni wa mama wawili. Uliza nyumba kubwa na nyumba ndogo, basi. Mama wa miaka 9, au wa 60, ni ishara kwamba watu wawili wameunganishwa kuwa mmoja. Pale ambapo mtoto wa kwanza hupewa jina la babu, jina hurudi kila kizazi cha pili, na mtu na mjukuu wake wakiwa kwenye kijiji kimoja hushonwa pamoja kwa urahisi. Andika orodha ya kila tukio lenye jina hilo kwa mfuatano wa miaka. Pengo au mrundikano utakuonyesha pa kukata. Na neno "baba" lipime: baba mkubwa na baba mdogo wote ni baba, na mzee anayesema "baba yangu alipigana Maji Maji" huenda anamsema kaka wa baba yake.

Dalili: karatasi tano zinakubaliana, lakini moyo wako unakataa

Ndoo tano za maji ya kisima kimoja bado ni maji ya kisima kimoja. Mwaka 1895 wa babu ulikuwa kwenye msalaba, kwenye ratiba ya mazishi, kwenye kitabu cha ukoo, kwenye fremu ya picha sebuleni na kwenye hotuba ya kila kumbukumbu ya mwaka. Nilipofuatilia nyuma, vyote vilitoka kwa mjomba mmoja aliyesimama msibani 1985 akasema, kwa mapenzi, kwamba mzee ameondoka na miaka 90. Mchonga msalaba akatoa 90 kwenye 1985.

Upande wa pili kulikuwa na mashahidi watatu wasiojuana: padri wa 1921, babu mwenyewe na mbuzi wake, na stakabadhi ya kodi yake ya kwanza, ya 1926, mwaka alioanza kuhesabiwa mtu mzima, iliyokuwa imekunjwa ndani ya kitabu cha sala. Hakuna aliyenakili kwa mwenzake. Kwenye kitabu cha ukoo niliandika hivi, na baba zangu wadogo wakatia sahihi chini yake:

"Alizaliwa kati ya 1907 na 1909, Uhehe, wakati wa utawala wa Mjerumani. Ushahidi: kitabu cha ubatizo (1921), maneno yake mwenyewe juu ya 1916, stakabadhi ya kodi (1926). Kadi ya kazi inasema 1 Januari 1902. Aliongeza miaka apate kazi. Msalaba unasema 1895. Umetokana na hesabu ya msibani. Msalaba haujabadilishwa."